Mkwe, Nirudishie Platini Yangu

Mkwe wangu mpendwa, Fundi,

Natumaini u mzima pamoja na binti yangu na wajukuu. Sisi huku ni wazima, isipokuwa mimi, na sababu ni wewe.

Utakumbuka ulivyofungua boneti ya gari langu, gari ambalo kwa umri ni kaka yako, ukang'oa platini na kondensa, vile vipuri vya kizamani vya kutoa cheche za injini, ukaweka kifaa cha elektroniki kisichozidi kiberiti. Ukasema, "Baba, habari ya kusukuma imekwisha." Nilikushukuru mbele za watu. Sasa, kwa heshima zote, nalalamika.

1. Tangu nistaafu, kazi yangu ilikuwa platini. Kila asubuhi nilivaa ovaroli, nikaipiga msasa, nikapima uwazi wake, na wapita njia wakaniamkia, "Shikamoo Injinia!" Sasa nageuza ufunguo, linawaka. Nimebaki na msasa mkononi, sina hata pa kuupitisha.

2. Mama mkwe wako. Zamani akitaka kwenda kwa dada yake, nilimwambia, "Ngoja kwanza nilisikilizie gari," na mpaka nimalize kulisikiliza, jua limetua. Siku hizi ananijibu, "Si linawaka?" Tumekwenda kwa dada yake mpaka dada yake mwenyewe ametuchoka.

3. Hili ndilo linaloniuma. Unamjua jirani yetu fundi cherehani. Tulinuniana muda mrefu kwa ajili ya ukuta. Asubuhi moja gari liligoma, na barabarani hakukuwa na mtu ila yeye. Akaacha cherehani yake, akaja kusukuma, kimya. Nami kimya. Kesho yake likagoma tena, naye akashindwa kuvumilia: "Achia klachi, mzee, unanichosha bure!" Basi, tukawa ndugu. Akawa anasukuma mpaka kona, likishawaka anaingia, tunazunguka mtaa injini ipate moto huku tukiwasema watu. Sasa natoka getini kama mwizi, nampungia mkono, naye ananiinulia mkasi. Ataachaje kazi aje kukaa nami bure, na ana nguo za watu za kushona?

4. Kwa hiyo naomba uje uondoe kiboksi chako. Ikishindikana, nifungie swichi ya kificho ili kisifanye kazi asubuhi, wala siku za kwenda kwa dada ya mama mkwe wako. Ukikataa, nitalifikisha suala hili kwenye kikao cha ukoo, na mwenyekiti unamjua.

Nisalimie binti yangu, wajukuu, na mafundi wenzako wote gereji, hata yule aliyekushikia tochi.

Ni mimi, mwenye gari zima na moyo mbovu,
Baba mkwe wako

Nyongeza: Barua ilikuwa bado mezani pale mke wa fundi cherehani alipopiga kelele. Pumu ilikuwa imembana mumewe, midomo imebadilika rangi. Tulimwingiza kwenye gari, nikageuza ufunguo kabla sijafunga mlango, likaitika. Daktari anasema tungechelewa kidogo tu, yeye daktari angekuwa anatuambia mengine. Sasa mgonjwa wetu amekaa kitandani anawagombeza wauguzi kwa jinsi walivyoshona mapazia. Nimekuwa naye tangu adhuhuri, na tumewasema watu wote.

Mwanangu, usiguse kitu kwenye injini ile. Njoo tu umjulie hali. Yuko kitanda cha dirishani, na anapenda wageni.