Ufunguo wa Duka Umehamia Mollo

Jumanne, 14 Februari 1995

Tumehama! Mimi, Victor, godoro, ndoo na sufuria isiyo na mfuniko. Mwenye nyumba wa mjini alitaka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Eti wafanyabiashara wa simenti wanalipa hivyo bila kukuna kichwa. Nikamwambia basi awapangishe hao hao. Nilisema kwa ukali sana. Halafu nikaenda kulia chooni.

Sasa tuko Mollo, kijijini nje ya mji, chumba kwa Bibi Rozina. Kodi ya kucheka! Mahindi mpaka dirishani. Na Victor atabaki na bibi nikiwa kazini. Sharti lake moja tu: mtu wa hapa akiwa na shida ndogo ya mjini, nimsaidie. Nikacheka. Shida ndogo! Nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Nimemwandikia baba Victor. Gabriel yuko Mpanda kwenye kambi ya barabara. Kila mwezi anatutumia salamu. Salamu hazipikiki.

Limebaki jambo moja. Mzee Isdori, mwenye duka, hajui kama nimehama. Ufunguo wa duka lake ninao mimi, shingoni, kwa kamba. Alinipa kwa sababu nilikuwa nakaa mtaa wa pili tu. Alisema ufunguo haulali mbali na kufuli lake.

Sitamwambia. Asipouliza, si uongo.

Jumatano, 15 Februari

Pikapu ya Leonardi inaondoka ikijaa. Hilo nililijua. Sikujua kwamba abiria wa Mollo wanajaa kwa hiari yao. Mtu anakuja, anapanda, anakumbuka uji wake, anashuka, anarudi nyumbani kuunywa. Nikaona nitachelewa. Nikatembea.

Mvua. Tope. Viatu mfukoni. Nimenawa miguu kwenye mfereji wa kuingilia mjini, nikavaa viatu, nikafungua duka huku nikipiga miayo kama mtu aliyetoka kitandani sasa hivi. Mzee Isdori akitoka misa ya asubuhi hupita pale. Akikuta mlango uko wazi, hupunga mkono. Leo amepunga.

Mchana maziwa yakanitoka. Victor yuko Mollo anakunywa uji wa ulezi, na mimi maziwa yananimwagikia kwenye sabuni za watu. Nikajifunga kanga juu ya blauzi. Cornelia, mwenzangu dukani, akauliza kama nasikia baridi. Nikasema sana. Cornelia anakaa karibu na kanisa. Nywele zake hazijui mvua ni nini.

Jumamosi, 18 Februari

Shida ndogo zimeanza. Juzi chumvi. Jana chumvi na betri za redio. Leo chumvi, kiberiti, wembe, mafuta ya taa, spoku za baiskeli, na jogoo.

Vitu vya duka nanunua pale pale kwetu, muda wa kuzunguka mjini sina. Lakini jogoo! Ni wa babu Flavian, anampelekea mwanawe Alois wa gereji. Nilisema kwa heshima kwamba jogoo ana miguu yake. Bibi Rozina akanitazama tu, Victor mgongoni mwake, anamnyonya kitambaa cha kichwa. Mollo nzima ni ndugu zake. Mwanangu yuko mgongoni mwake. Nikambeba jogoo.

Alois hakutokea mpaka mchana. Jogoo nikamweka chini ya kaunta kwenye boksi la biskuti. Mzee Isdori akaja, akakaa, akaanza kulalamikia biashara. Jogoo akawika. Nikasema ni redio. Akawika tena. Nikasema wamepata stesheni ya Zambia. Mzee akasema kweli Wazambia wana matangazo ya ajabu.

Cornelia aliinama, akachungulia chini ya kaunta, akainuka, akaendelea kukunja kanga. Huyo ndiye wa kuogopwa.

Jumanne, 21 Februari

Sijala. Siwezi kula.

Mzee Isdori ametuita wote wawili. Maduka yamekuwa uyoga, kila mwenye dirisha anauza sabuni. Zamani, akasema, watu walipanga foleni kungojea sabuni. Sasa sabuni zimepanga foleni kungojea watu. Kwa hiyo ikifika Kwaresima atabaki na msichana mmoja, yule mwenye ufunguo. Na siku atakayopita kutoka misa akakuta mlango umefungwa, ufunguo unahamia shingo nyingine.

Shingo nyingine ni moja tu. Ilikuwa imesimama karibu yangu, imepaka poda.

Nikiikosa kazi hii ni kwenda Matai kwa mama mkwe. Aliniambia siku ya harusi kwamba nitarudi kwake tu. Hakusema lini. Anasubiri. Nimeshakiona kile kigoda atakachonipa nikalie.

Mzee alipotoka Cornelia akachomoa kitu kwenye sketi yangu. Kishona-nguo, kile kijimbegu cha porini! Akakiweka kiganjani akakitazama kama dhahabu. Akasema, dada Fortu, mtaani kwenu siku hizi majani yameota? Nikasema nilipitia makaburini. Akauliza kumzuru nani. Nikasema wote.

Ijumaa, 24 Februari

Nimepata dawa ya waagizaji. Wao hunivizia njiani alfajiri, wamejipanga na vichupa vyao. Kwa hiyo leo nimetokea dirishani, nikapita katikati ya mahindi, nimeinama kama mwizi. Umande mpaka kwapani. Kimya. Nikajipongeza.

Mwisho wa shamba amekaa babu Flavian juu ya tuta, anavuta kiko, chupa ya mafuta ya taa magotini.

Shikamoo, babu. Marahaba, mjukuu wangu. Akasema alijua nitapita hapo. Mwalimu aliyepanga kile chumba kabla yangu naye alikuwa anapita hapo hapo. Nikauliza mwalimu yuko wapi sasa. Akasema aliomba uhamisho.

Nimechukua chupa. Nimefika dukani mbio. Mzee Isdori ameanza kuonekana kona ya kanisani na mimi bado nahangaika na kufuli. Amepunga mkono, lakini taratibu. Mtu anayepunga taratibu anafikiri.

Jumatatu, 27 Februari

Nina akili! Sijui kwa nini niliishia darasa la saba.

Kashinje. Jirani yetu Msukuma, alihamia Mollo na ng'ombe wake. Kila siku anakwenda mjini kuuza maziwa, giza halijatoka, anakanyaga baiskeli kama anafukuzwa. Yeye haagizwi na mtu. Ukimwagiza anakubali, halafu anakuletea kile alichoona yeye kinakufaa. Babu Flavian aliagiza tumbaku akaletewa dawa ya minyoo.

Nimempa ufunguo. Nimemwambia taratibu, kama mtoto: fungua mlango, kaa kwenye kiti, usiuze kitu cha duka hata kimoja, nikifika unaondoka. Mzee akipita ataona mlango uko wazi, ataona mtu kwa ndani gizani, atapunga. Cornelia haji mapema, anasuka nywele.

Leo imekwenda kama maji! Nimekuja na pikapu, miguu mikavu, watu wamekunywa uji wao mpaka basi. Kashinje ananiambia mzee alipunga na yeye akapunga.

Jumatano, 1 Machi. Jumatano ya Majivu

Ee Mungu.

Kashinje aliondoka alfajiri na ufunguo wangu. Mimi nikawahi pikapu, nikawa wa kwanza kupanda. Sikukumbuka siku. Wazee wote wa Mollo wanataka majivu! Akaja dada yake Bibi Rozina: shikamoo, nikampisha kiti. Akaja babu Flavian: shikamoo, nikasogea pembeni. Akaja mwingine, nikasogea. Mara nikajikuta chini. Leonardi akapiga honi, akacheka, akasema, "Mama Victor, leo shikamoo yako ndiyo nauli yao!" Bibi Rozina yumo ndani, amempakata Victor. Victor ananipungia.

Nimekimbia. Nimeanguka mara moja kwa ubavu na mara moja kwa heshima zangu zote. Padri anasema sisi ni mavumbi. Mimi leo nilikuwa tope.

Nikiwa mbali nikaona foleni. Foleni! Mlangoni kwetu! Nikajua duka limeungua.

Halikuungua. Watu wametoka misa na majivu yao usoni, wameshika vikombe, vibuyu, hata kofia ya mtu. Kashinje yuko nyuma ya kaunta. Hakuuza kitu cha duka hata kimoja. Aliuza maziwa. Karibu naye Mzee Isdori, msalaba mweusi kwenye paji la uso, mikono ya shati imekunjwa, anapima sukari jasho likimtoka, maana mtu aliyepata maziwa anataka sukari, na wa sukari anataka majani ya chai. Cornelia anafunga vifurushi, nywele zimemfumuka. Na juu ya kaunta, katikati ya sabuni, amekaa mwanangu Victor, naye amepakwa majivu, anatafuna ufunguo wa duka.

Bibi Rozina ndiye aliyemleta, wanisubiri. Ameshasema yote bila kujua kama anasema. Kwamba mimi ni mpangaji wake Mollo, mpangaji mzuri, haringi, hachoki kuagizwa, hata jogoo hubeba. Kashinje akaongeza kwamba ufunguo nimempa mimi mwenyewe, kwa mkono wangu.

Mzee Isdori akanitazama kuanzia juu mpaka chini. Chini kulikuwa hakuna viatu. Akasema, kumbe ile si redio ya Zambia.

Nikasema ukweli wote. Sikulia. Nilimpangusa Victor mate, nikasema nilihama kwa sababu ya kodi na nilificha kwa sababu ya hofu. Akasema niende nyumbani, nirudi Ijumaa, atakuwa amefikiri.

Usiku huu naapa. Wenzangu wanafunga nyama. Mimi Kwaresima hii nafunga hila.

Alhamisi, 2 Machi

Sikwenda popote. Alama ya kamba bado iko shingoni. Nimekunja nguo za Victor, nikazikunjua, nikazikunja tena. Hakuna aliyeniagiza kitu. Hata chumvi! Babu Flavian amepita na chupa yake, akaniona nilivyokaa, akaificha ndani ya koti. Hapo ndipo nilipolia.

Ijumaa, 3 Machi

Ufunguo amepewa Kashinje. Anafika kabla ya padri, atauza maziwa yake kona ya duka, na wanywa maziwa watanunua sukari. Msichana wa kaunta ni Cornelia. Nilishaanza kuona kigoda cha Matai.

Kisha Mzee Isdori akaniuliza swali. Mtu mmoja na mtoto mmoja, ile chumvi yote nilikuwa naila na nini? Nikamweleza shida ndogo: chumvi ya huyu, betri za yule, wembe wa shemeji yake. Akasema kumbe Mollo nzima ni wateja wake, ni vile tu hajawahi kuonana nao. Siku hizi biashara ni huria, akasema, mteja hangojwi, anafuatwa. Atatuma bidhaa kwa pikapu ya Leonardi, mimi niuze barazani kwa Bibi Rozina, na usiku nizifungie chumbani kwa kufuli.

Cornelia akanisindikiza mpaka nje. Nilitaka kumchukia lakini alinifungia mkate wa Victor. Akasema yule jogoo alimwona siku ile ile.

Kufuli jipya! Ufunguo mpya shingoni! Na mwanangu mapajani kutwa. Sina ninachotaka tena duniani.

Jumanne, 14 Machi

Duka la Mollo linakwenda vizuri mno. Hilo ndilo tatizo.

Wanabisha hodi jogoo hajawika, kwa sababu wanajua niko ndani. Babu Flavian amerudisha njiti moja ya kiberiti, haikuwaka. Wanaonunua chumvi hawaondoki, wanakaa barazani kuwasema wasionunua. Bibi Rozina amepandisha kodi, maana sasa, anasema, baraza lake limekuwa la mjini. Na watu wa mjini nao wananiagiza! Mzee Isdori anataka ulezi, Alois anataka kuku jike wa kumwoza jogoo wake. Victor amejifunza neno jipya. Neno lenyewe ni "hakuna."

Nimekaa nikafikiri.

Cornelia ametuma neno kupitia Leonardi. Chumba chake cha karibu na kanisa kodi imemshinda peke yake, anatafuta wa kugawana naye. Nusu kodi! Mjini! Na asubuhi pikapu ikitoka mjini kuja huku huwa tupu, nafasi tele, sitahitaji kumpisha mzee yeyote. Nitalala mjini, nitakuja Mollo kazini kila siku kama mtu wa ofisi. Ufunguo wa hapa nitamwachia Bibi Rozina awe anafungua mlango tu, akae kwenye kiti, asiuze kitu.

Kwaresima nilifunga hila, na sijala hata moja. Huu ni mpango.

Mzee Isdori sitamwambia. Asipouliza, si uongo.

Victor nitamwacha kwa mwenye nyumba wa Cornelia, mama Redempta. Nilimwendea jana. Mama mpole sana, amembeba na Victor hakulia. Hataki malipo. Sharti lake moja tu: kwa kuwa nitakuwa nakwenda shamba kila siku, nimletee kitu kidogo kidogo cha huko.

Nikacheka. Nikakubali kabla hajamaliza kusema.