Malalamiko Kuhusu Ndara ya Mguu wa Kushoto

Kwa Shangazi,
Mwenyekiti wa Kamati ya Ukoo,
Nyumbani kwako, chumba cha mbele.

Shangazi mheshimiwa,

YAH: KUGEUZWA POSTA NIKIWA LIKIZONI

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na sauti haijatulia. Sisi tumerudi salama kutoka ng'ambo, isipokuwa heshima yangu, ambayo ilibaki juu ya meza ya forodha ya watu.

Najua jicho lako linakimbilia chini ya ukurasa kutafuta habari za mwanao. Aliondoka mkiwa mmegombana, na tangu siku ile hakuna aliyempigia mwenzake simu, kila mmoja akingoja mwenzake aanze. Ulinituma nijue kama atarudi kukuona. Jibu ninalo, lakini utalisoma kwa zamu yake. Mimi nami nilisubirishwa.

Kwanza. Hii ilikuwa likizo. Mke wangu alibandika picha ya mlima wenye theluji kwenye mlango wa kabati kabla mtoto wetu wa kwanza hajaota meno. Mtoto huyo sasa ananyoa ndevu. Tukajinyima, tukakata tiketi, tukamwambia mtu mmoja tu, dada yangu, tena kwa siri. Kufikia jioni ukoo mzima ulikuwa sebuleni na vifurushi. "Ni kadogo tu, hakana uzito." Shangazi, nimesoma vitabu vingi, vya fizikia vikiwemo, na sijaona panapoelezwa jinsi vitu visivyo na uzito vinavyokusanyika vikavunja mpini wa sanduku. Mke wangu alitoa nguo zake ili kupisha sufuria ya binti wa mjomba. Sufuria! Kana kwamba huko watu wanachemshia maji kwenye kofia. Mfuniko wake ukaletwa kesho yake na mtu aliyetuambia, kwa lawama, "Mlisahau."

Pili. Forodha. Kifurushi chako kwa mwanao ulikizungushia gundi hadi kikafanana na majeruhi wa ajali, ukaniambia, "Mpe mkononi, usifungue, usiulize." Sikuuliza. Afisa wa forodha aliuliza. Akakata, akachambua, akatoa ndara moja ya mpira, ya mguu wa kushoto, kisigino kimelika. Akachungulia tena ndani.

"Nyingine iko wapi?" Nikasema sijui. "Hii ni yako?" Ya shangazi yangu. "Shangazi yako ana mguu mmoja?" Ana miwili, afande, na yote ina nguvu.

Wakaipitisha kwenye mashine. Wakamleta mbwa ainuse. Mbwa akapiga chafya, akakataa kurudia. Nimebishana na maprofesa mbele ya ukumbi uliojaa na sikuyumba. Siku hiyo niliishiwa hoja mbele ya ndara.

Tatu. Jamaa zetu kutawanyika ovyo. Ukoo wenye mpango ungekaa jengo moja, ghorofa ya chini, karibu na kituo cha treni. Wetu, mmoja yuko mwisho wa reli hii, mwingine mwisho wa reli ile, na kila mmoja anaapa kwamba "ni hapa hapa tu". Ukifika, huruhusiwi kuondoka bila kula. Binti wa mjomba aliikumbatia ile sufuria kama mtoto aliyepotea, akapika humo papo hapo, nasi tukafunika kwa sahani kwa sababu mfuniko tuliuacha hotelini. Nakiri nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nakiri niliongeza chakula mara mbili. Lakini shibe si hoja, na kauli yangu hainunuliwi kwa mchuzi.

Nne. Mlima. Siku tuliyoutengea mlima ndiyo siku pekee ambayo mwanao, dereva wa basi la jiji, hakuwa na zamu. Nikasema twende mlimani. Mke wangu, mwenye mlima wake, akanijibu, "Mlima hautahama. Mama wa watu anangoja." Mlima tukauona dirishani mwa treni, kwa mbali, mke wangu akaupungia mkono kama jirani.

Mwanao hakutufungulia. Sauti yake ikatoka kwenye kile kidude cha mlangoni: "Kama mmetumwa na mama, mwambieni hamkunikuta." Nikamjibu kwa hoja nzito, zenye mifano. Akakizima kidude. Ndipo mke wangu akanisogeza, akabonyeza kitufe, akasema, "Shemeji, tumeleta ndara."

Komeo likalia. Kisha mlango ukafunguka.

Hukuniambia, Shangazi, kwamba siku anaondoka ulimrushia ndara ya kulia, ikaingia dirishani mwa teksi, na teksi ikaondoka nayo. Hukuniambia kwamba umeitunza ya kushoto miaka yote hii. Ya kulia anayo yeye, chini ya kitanda, ndani ya boksi la viatu vyake vya kazi. Aliziweka sakafuni, moja kando ya nyingine, akacheka hadi akakaa chini. Baada ya hapo hakuwa anacheka. Mke wangu akanivuta jikoni nikaoshe vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi.

Kwa sababu hizo, naitaka Kamati iazimie kwamba msafiri yeyote wa ukoo huu atangazwe kuwa amelazwa hospitali, asitembelewe. Nikifikiri vizuri, mtamletea vifurushi hata wodini. Basi atangazwe marehemu, ingawa nawajua: hakosekani atakayekuja na mfuko, "Mfikishie babu huko, hakana uzito." Kwa hiyo dawa ni moja: ni marufuku mtu wa ukoo huu kumbebea mwenzake mzigo wa aina yoyote, kwenda au kurudi. Atakayevunja azimio hili afukuzwe ukoo, hata akiwa ni mimi niliyeliandika.

Wasalimie wote walioleta vifurushi. Ambao hawakuleta, wasalimie mara mbili.

Ndimi, mtoto wa kaka yako,
Posta Mstaafu.

N.B. Barua hii sikuipeleka posta. Nilirudi na mzigo mmoja zaidi, mrefu, mlaji, uliolala begani kwangu safari nzima. Uzito wake naujua mimi. Ndiye aliyekukabidhi karatasi hii, na sasa amesimama kizingitini akijifanya anatazama dari. Mtazame miguuni. Ndara zako zinambana, lakini amekataa katakata kuvaa viatu. Nifukuzeni ukoo kesho. Leo, tafadhali, Shangazi, usimrushie kitu kabla hajakaa.