Theluji Ngumu Mpaka Saa Tatu

Jumatatu, 4 Machi

"Kilele hakifikiwi kwa kusoma." Ndivyo alivyoandika shemeji yangu kwenye jarida la chama cha wapanda mlima, ukurasa wa pili, bila haya. Upuuzi! Mlima huu ulipimwa na watu wenye madaftari. Ramani aliyoitundika ukutani kwake ilichorwa na mtu aliyeketi mezani. Na mimi, mkutubi wa mji huu kwa miaka ishirini na miwili, nimesoma kila kitabu cha theluji tulicho nacho. Vyote vinne. Kimoja mara mbili.

Shemeji amesoma nini? Ubao wake mwenyewe. Ni mlinzi wa kituo cha juu, pale barabara inapoishia na theluji inapoanzia, na kila jioni anaandika kwa chaki hali ya njia ya kesho. Mstari mmoja. Mwandiko wa kuku.

Ningemwacha na ubao wake. Lakini leo mezani binti yangu ametangaza kwamba Jumapili anapanda kilele kwa mara ya kwanza, na anatafuta mtu wa kufungana naye kamba, mmoja akiteleza mwingine amzuie. Nikakohoa kidogo, nikakaa wima. Akasema anamfikiria mjomba. Nikauliza baba yake ana kasoro gani. Akauliza, kwa upole kabisa, kama nimewahi kukanyaga theluji. Nikajibu kwamba swali hilo halina msingi. Mama yake, aliyekuwa akishona hema lililochanika na pini sita mdomoni, akacheka bila kudondosha hata moja.

Binti huyu nilimfundisha kutembea kwa kumshika mikono yote miwili. Leo anamfikiria mjomba!

Mpango: Ijumaa napanda mwenyewe, natia sahihi kwenye daftari la kileleni, narudi, mjadala umefungwa. Siri kubwa.

Jumanne, 5 Machi

Mazoezi. Ngazi za maktaba mara thelathini, na begi lenye kamusi saba mgongoni. Msomaji mmoja akauliza kama tunahama.

Mchana nikaenda kwa muuza samaki, nikaomba nisimame ndani ya sanduku lake la barafu, miguu izoee. Akauliza kama mke wangu anajua nilipo. Nikasimama dakika kumi na moja. Akanitoa kwa sababu wateja walianza kuniulizia bei.

Jioni mke wangu akanusa viatu mlangoni. Akauliza tu kama alete ndimu.

Jumatano, 6 Machi

Nimepanda na gari la mizigo hadi kituo cha juu. Kisingizio: kumpelekea shemeji hema ambalo dada yake amelishona. Ukweli: upelelezi.

Tope mpaka miti inapokoma. Kisha kokoto. Kisha weupe unaochoma macho. Wiki tatu za jua kali, hakuna theluji mpya. Bendera nyekundu zimechomekwa moja moja hadi kwenye mgongo wa mlima.

Halafu nikasoma ubao. Nanukuu neno kwa neno: NJIA YA JUU: THELUJI NGUMU MPAKA SAA TATU ASUBUHI.

Nikausoma tena. Mpaka saa tatu ni ngumu. Baada ya saa tatu, basi, si ngumu. Mtoto wa chekechea angeelewa! Lakini wapandaji wote wanaambiwa waondoke saa kumi alfajiri. Yaani mtu ameandika kwa mkono wake kwamba ugumu unaisha saa tatu, kisha anawatoa watu kwenye blanketi wakapambane nao gizani. Kwa nini? Nimeshamjua. Saa nyepesi kajiwekea mwenyewe.

Nikamuuliza, kwa kuzungukazunguka, kama bado anasimamia maneno ya ubao. Akasema, shemeji, kama kuna neno hulielewi niulize tu, ubao wenyewe nauandikia watu. Mimi! Nimuulize maana ya neno la Kiswahili! Mimi niliyemwandikia mhariri wa gazeti barua arobaini, na tisa zikachapwa! Nikakataa hata chai yake. (Ilinukia vizuri.)

Alhamisi, 7 Machi

Nimeanza barua ya arobaini na moja. Kichwa cha habari: "Alfajiri Inamnufaisha Nani?" Kali sana. Nimejisomea kwa sauti mara tatu.

Mke wangu ameweka miwani ya jua na mafuta ya uso juu ya begi langu, ambalo nilikuwa nimelificha. Akasema, macho yake yakiwa kwenye cherehani, kwamba kama kuna mtu humu ndani anapanga kwenda mahali, na avitumie. Nikamwambia miwani ni ya waimbaji na mafuta ni ya kukaangia. Akasema sawa, baba watoto. Sawa hiyo siipendi. Naijua.

Ijumaa, 8 Machi

Niandike upesi, vidole vikiwa bado vinakunjika.

Nilifika kituoni saa tatu na nusu, nimeshiba, nimelala vizuri. Shemeji hakuwepo. Daftari la waondokao lilikuwa dirishani. Wote waliomo: saa kumi, saa kumi, saa kumi na robo. Nikaandika yangu kwa herufi kubwa: SAA NNE KASORO ROBO. Nikacheka peke yangu.

Nikakutana na watu watatu wakishuka. Wakaniambia mzee, muda umekwisha, geuka. Nikawajibu kwamba muda ndio kwanza umeanza. Wakatazamana. Kondoo!

Hatua mia za kwanza: raha tupu. Nikapiga mluzi. Hatua ya mia na ishirini: kifundo cha mguu. Kawaida. Goti. Nikasema hili ni shimo tu. Paja. Nikakumbuka sura moja ya kitabu cha tatu, ambayo niliiruka kwa sababu ilikuwa na michoro mingi. Kiuno! Mguu wa kushoto haukugusa chochote. Nikauvuta. Mguu ukaja, kiatu kikabaki. Nikaurudisha haraka kutafuta kiatu. Ndege mweusi akatua kwenye bendera, akanitazama kama mkaguzi.

Dakika arobaini hivyo. Kwa saa ya mkononi. Nilikusudia kuzitumia kumalizia barua, lakini sikupata sentensi hata moja. Nilichofikiria ni kwamba binti yangu akisikia, ataona aibu kwenda nami hata sokoni.

Kisha nikasikia sauti yake: Baba, usijitikise! Alikuwa na mjomba wake ng'ambo ya bonde, kwenye mteremko wa kivulini, wakifanya mazoezi ya sululu za barafu. Waliniona kwa darubini, wakaja kunitoa. Binti akalala kifudifudi, akasogea kama mjusi, akanipitishia kamba kwapani, akafunga fundo bila hata kuliangalia. Wakavuta. Nikang'oka kama karoti.

Shemeji alifukua kiatu changu kwa mikono, akakikung'uta, akapiga magoti, akanivisha. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumamosi, 9 Machi

Pua inababuka. Midomo imevimba. Mke wangu ananipaka mafuta na kila akichovya kidole anasema: ya kukaangia.

Binti akaketi ukingoni mwa kitanda, akanieleza taratibu, kama ninavyowaeleza wasomaji wapya mpangilio wa rafu. Msimu huu jua la mchana linayeyusha theluji ya juu, usiku inaganda. Alfajiri inakuwa ngumu kama sakafu, mtu anatembea juu yake. Jua likishapanda inalegea, inameza watu. Ngumu maana yake imeshikana, baba. Ngumu ndiyo nzuri.

Nikamwambia kwamba katika kamusi, maana ya kwanza ya neno hilo...

Akanishika mkono. Akasema kesho atafungana na mjomba.

Mke wangu akaacha kuchovya. Halafu nikamwomba binti anionyeshe lile fundo. Akanifundisha mara tano, kwa kamba ya kuanikia nguo. Ya sita nikalipata mwenyewe, barabara kabisa, ila nilikuwa nimeufunga na mguu wa kitanda.

Jumapili, 10 Machi

Nilikuwa kituoni kabla jua halijachomoza. Nimevaa miwani. Mtu asiulize.

Darubini ya shemeji ni nzito na ina mikwaruzo. Vidoa viwili kwenye mgongo wa mlima. Cha mbele, narudia, cha mbele, kilikuwa koti jekundu la binti yangu. Saa mbili na dakika kumi vikasimama juu, na juu yake hapakuwa na kitu ila anga. Nikapiga kelele mpaka mpishi wa kituo akatoka na mwiko.

Walirudi kabla ya saa nne. Binti akanionyesha kwenye simu picha ya daftari la kileleni. Jina lake. Jina la mjomba. Chini yake, kwa mwandiko wake mzuri alioupata kwangu: "Na baba yangu, hadi kiunoni."

Nikasema upepo wa huku unatia machozi. Shemeji akaninyooshea kikombe cha chai. Nikanywa.

Jumatatu, 11 Machi

Nimetafakari. Kwa kanuni za chama, kifungu cha saba, daftari la kileleni ni la waliofika. Mimi nimo. Kwa hiyo, kwa mujibu wa kanuni, nimefika, na kosa lililobaki ni la neno. Mchana nikapeleka barua kituoni, nakala kwa kamati: "ngumu" iondolewe ubaoni, haraka.

Na imeondolewa! Theluji imeanguka tangu jana jioni bila kupumzika, na leo shemeji ameandika upya: NJIA YA JUU: THELUJI MPYA, NYEPESI.

Nyepesi! Hatimaye, Kiswahili. Wala hakuna masharti ya saa. Nyepesi kutwa nzima. Wapandaji wengine wameahirisha safari, sijui wanaogopa nini. Shemeji ameanza kunieleza jambo, refu, lenye neno "kifuani" ndani yake. Nimemwambia neno lake limeandikwa, linatosha.

Basi ninyi wanakamati wa chama, na hasa wewe shemeji mwenye chaki: kesho saa nne na nusu, baada ya kifungua kinywa, nataka daftari liwe dirishani, njia iwe wazi, na asiwepo mtu wa kunifuata na kamba. Kamba ninayo. Fundo nalijua.