Wakwe Kwenye Behewa la Heshima

Jumapili, 6 Julai

Baridi ya Iringa haina adabu. Nimekwenda misa na makoti mawili, na bado wakati wa kutakiana amani watu walirudisha mikono haraka walipogusa mkono wangu.

Habari kubwa! Wakwe wanakuja Jumamosi. Mzee Anyelwisye na mkewe, kutoka Mbeya, pamoja na kijana wao Anyitike, mchumba wa binti yangu Devota. Mahari ilishafika tangu mwaka jana. Imebaki tarehe ya harusi tu, na tarehe anaitaja Mzee Anyelwisye, si mwingine. Ameshaiahirisha mara mbili. Safari hii hakuna mchezo. Anyitike anahamishiwa kazi Kigoma mwezi wa tisa, na wasipofunga ndoa kabla ya hapo, Devota atabaki dukani kwangu anauza madaftari huku anaangalia simu. Ameshaanza kukonda. Mwanangu huyu nampenda, sitaki akonde.

Baada ya misa kaka yangu Vitus, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, akatangaza kwamba wakwe watakula kwake Tosamaganga na atachinja mbuzi. Mbuzi! Wakwe wa binti yake Faustina walichinjiwa mbuzi wawili, miaka mitano iliyopita, na mpaka leo siwezi kununua kiberiti kule bila kusimuliwa mbuzi wale. Nimemwambia asante sana, baba wa bibi harusi ni mimi, nitawalisha mwenyewe. Akauliza nitawalisha wapi. Nikamwambia ataona.

Hata mimi nilikuwa sijui.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Duka limefungwa, akili imefunguka.

Nimepata! Nimeona kwenye simu. Tembo Kijani, hoteli mpya yenye viwanja vya michezo, barabara ya Mafinga, katikati ya misonobari. Kuna bembea, bwawa lenye mtelezo, treni ya watoto inayozunguka bustani. Na mgahawa uko ndani ya behewa! Behewa zima, la kijani, lenye meza za vitambaa vyeupe. Kwenye picha kuna kamba wa baharini wameegemea glasi kama waheshimiwa, na ugali umefinyangwa mfano wa Mlima Rungwe, mchuzi unatoka kileleni. Jamani!

Sasa sikiliza mpango ulivyokaa. Mzee Anyelwisye alikuwa mpishi wa reli miaka thelathini, kwenye behewa la chakula. Nampeleka mtu wa behewa kwenye behewa. Namwonyesha mlima wa kwao nikiwa kwetu. Vitus na mbuzi wake wataingilia wapi?

Mke wangu Apolonia amesema watu wazima hawatoki Mbeya kuja kula kwenye bembea. Nikamjibu si kwenye bembea, ni karibu na bembea. Akaniita Liberatus, jina zima, si Baba Devota. Akiniita hivyo huwa nafahamu kwamba wazo langu limemgusa.

Jumatano, 9 Julai

Nimefunga duka mapema, nikapanda Kosta kwenda kukagua.

Msimamizi wa mgahawa ni dada mmoja mchangamfu, Joyness. Nikamwambia nataka wale kamba wa kwenye picha. Akasema wale ni wa plastiki, wa kupigia picha. Nikamwambia nilijua, nilikuwa nampima.

Behewa ni zuri, ila fupi kuliko lilivyo kwenye simu. Nimechukua sehemu ya mbele, inaitwa Behewa la Heshima. Nyuma ya kaunta, kwenye msumari, kinaning'inia kichwa cha tembo cha manyoya, kikubwa kama pipa. Kuna jamaa hukivaa akazungukia wageni mezani. Jumamosi hatakuwepo, ameomba ruhusa. Nikakijaribu. Kikanasa! Robo saa Joyness na mpishi walinivuta, huyu huku, yule kule. Mle ndani kuna giza na harufu ya vitunguu. Mama mmoja alipita akanipa pole bila kujua anampa nani.

Kilipotoka, nikapanga viti kama jenerali. Vitus mwisho kabisa, karibu na mlango wa choo. Mzee Anyelwisye dirishani. Na mbele yake, uso kwa uso, Devota. Nafasi ni finyu, magoti yatakaribia kugusana. Halafu, mshangao! Keki. Wageni wakishashiba, nitagonga glasi, Devota atasimama, amlishe baba mkwe wake keki mdomoni kama tunavyofanya kwenye kipaimara. Mzee mwenye keki ya mkwe mdomoni hawezi kuahirisha tarehe.

Joyness aliuliza kama familia zote mbili zimeridhia mpango huo. Swali la ajabu. Ingekuwaje mshangao?

Ijumaa, 11 Julai

Devota amenifuata dukani, macho mekundu. Amepata habari za keki kwa mama yake, ambaye nilimwambia kwa siri.

Amesema, baba, kwa kina Anyitike mkamwana hakutani na baba mkwe. Hawakai meza moja. Hawatazamani. Akimwona anakuja, mkamwana anapisha njia, anajificha, anajifunika. Amesema ndiyo heshima yao, na Mzee Anyelwisye anaishika kuliko wote, na tangu mahari itoke yeye Devota hajawahi kumwona mzee yule hata kisogo.

Nimemsikiliza kwa makini mpaka mwisho. Kisha nikamweleza kitaalamu. Hiyo ni aibu tu, na dawa ya aibu ni kukaa karibu. Watu wawili hawajawahi kuonana hata kisogo! Ndiyo maana tarehe haitajwi! Tatizo lilikuwa hapo siku zote na mimi nilishalitatua Jumatano kabla sijalijua.

Devota ameinamia kaunta, akaweka kichwa juu ya madaftari. Nadhani ni furaha.

Vitus kapiga simu. Amesema mbuzi ameshanunuliwa, amefungwa nyuma ya nyumba, kwa tahadhari. Nikamwambia amfungue akapate majani, maana ataishi sana.

Jumamosi, 12 Julai

Siku yenyewe! Naandika yote, kwa faida ya ukoo.

Ukungu mpaka saa sita. Wakwe wamefika na gari, Noah, wamejikunja kwa baridi. Mzee Anyelwisye ni mrefu, koti jeusi, kofia, sauti ya chini. Tukamsalimu kwa lugha yetu, kamwene, akaitika kwa lugha yao, ndaga, tukacheka, tukashikana mikono. Kisha akaiona treni ya watoto, akaona bembea, akaniuliza kwa upole kama tunapita tu hapa. Nikamwambia ndipo tulipofika. Akasema sawa.

Ndani ya behewa akagonga ukuta kwa kidole. Mbao. Akasema behewa ni chuma. Akakaa, akakosa pa kuweka miguu.

Chakula kikaja. Niseme ukweli, hii ni shajara yangu. Mlima Rungwe ulikuja sawa na ngumi ya mtoto. Mchuzi ulitoka kileleni, haukufika mabondeni. Kuku wa Bembea ni bawa moja limetundikwa kwenye vijiti, ukiligusa linayumba. Chipsi ni nne, zimesimamishwa kama uzio. Mzee Anyelwisye alisubiri kwa adabu, kisha akauliza kama haya yameletwa tuonje chumvi. Mama Anyitike akasema baridi imepunguza ugali. Vitus alitazama sahani, akanitazama mimi, akatazama sahani. Hiyo ilikuwa mbaya kuliko kusema.

Nikaona mambo yanalegea. Nikatoka kumtafuta Devota, maana kiti chake kilikuwa kitupu. Nikamkuta nyuma ya behewa na mama yake, wamekumbatiana. Nikamshika Devota kiwiko nikamwambia twende mama, ni dakika mbili tu. Nikamsukuma mlangoni.

Mzee Anyelwisye aliona pindo la gauni tu. Aligeuka dirishani haraka, akashusha kofia usoni. Devota akapiga yowe dogo, akapita chini ya mkono wangu, akatoka mbio. Mama Anyitike akainuka na kitenge chake, akakuta hakuna wa kumfunika.

Bawa langu lilikuwa bado linayumba.

Mzee alizungumza na Vitus, si na mimi. Akauliza, bila kupandisha sauti, kama huku Iringa mabinti hawaambiwi. Kama binti haambiwi leo, akiwa ndani ya nyumba yake ataambiwa na nani? Akasema tarehe si moto, inaweza kungoja. Wao warudi Mbeya, watafakari. Akaanza kutafuta fimbo yake. Anyitike alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na uso wake siwezi kuueleza. Mimi mwenyewe nilinyoosha mkono nishike ugali, kumbe ugali ulishaisha. Nilimuona Devota wangu dukani, mwaka baada ya mwaka.

Hapo ndipo tembo alipoingia.

Nilikasirika! Tembo hakuwa kwenye ratiba. Aliingia ameinama, kichwa kikubwa kinagonga huku na huku, amebeba beseni na jagi la maji ya moto. Akapiga magoti mbele ya Mzee Anyelwisye, akageuza uso pembeni, akamnawisha mikono. Taratibu, hakumwaga tone. Akarudi kinyumenyume, bado ameinama. Akaja tena na chai, kwa mikono miwili, kwa magoti. Mkonga ukaingia kwenye kikombe. Akautoa, akaenda, akaleta kikombe kingine.

Nikamwambia tembo akatafute wateja wengine, hapa kuna kikao cha wazazi. Apolonia akanivuta koti. Nikamwambia aniache. Nikamwamuru tembo, kama ni lazima awepo, basi akamwite binti yangu, maana sijui kakimbilia wapi. Nikaita kwa sauti, Devota! Tembo akageuka. Nikamwambia si wewe.

Ndipo nikaona mabega ya Mzee Anyelwisye yanatikisika. Nikajua analia, nimemaliza kila kitu. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka kofia ikaanguka, na alipoinama kuiokota, tembo naye akajigeuza ukutani asionekane hata manyoya. Mzee akazidi kucheka. Mama Anyitike akapiga vigelegele. Vitus alikuwa amelala juu ya meza kwa kicheko.

Mzee akafuta macho. Akasema, mwaka walipooana, mama Anyitike alimkimbia baba mkwe wake akashinda ndani ya migomba kutwa nzima, mvua inamnyeshea. Wake za kaka zake walijificha kwenye kahawa, ghalani, mmoja chini ya mtumbwi wa kupikia pombe. Lakini hajapata kuona mkamwana aliyejificha ndani ya tembo na bado akaleta chai. Akasema aliyemfundisha huyu amefundisha. Nikaanza kusimama nipokee shukrani, nikaona anamwinamishia kichwa Apolonia.

Tarehe! Jumamosi, tarehe thelathini Agosti. Ameitaja mwenyewe, mbele ya mashahidi na tembo. Anyitike alitoka nje akaenda kuegemea bembea. Tembo naye akatoka kwa mlango mwingine, na hapo ndipo Apolonia aliponinong'oneza ni nani. Nilikuwa nimeshaanza kuhisi, kwa sababu ya viatu.

Kisha Mzee akasema kwamba sasa, kwa kuwa tumeelewana, ana njaa. Vitus akasema kwa unyenyekevu wa kuudhi kwamba kuna mbuzi Tosamaganga, yuko jikoni tangu saa nne. Tukaenda wote. Wanaume sebuleni, Devota na wanawake jiko la nje, ukuta katikati, kila mtu mahali pake. Mzee alirudia mara tatu. Mimi nne, ili Vitus asijisikie vibaya.

Nilipokwenda kunawa nikamkuta Devota jikoni, nywele zimejaa manyoya ya tembo, anakula na mama yake huku wanacheka. Akaniambia baba, kaa ule na sisi. Nikakaa kidogo. Ameanza kunenepa tayari, au ni moshi.

Jumapili, 13 Julai

Siku njema, jua limetoka. Watu kanisani wamenipa hongera. Wengine waliuliza habari za mbuzi wa Vitus, lakini wengi walitaka kusikia habari za tembo, na tembo ni wangu.

Nimetafakari kwa haki. Bila mimi pasingekuwepo behewa. Bila behewa, pasingekuwepo tembo. Bila tembo, tarehe ingetoka wapi? Apolonia alisikiliza hesabu hii, akaenda kulisha kuku.

Mchana nikampigia Joyness. Nimeshampa maoni yangu kuhusu chakula, kwamba kina sura nzuri na kwamba mlima uongezwe. Kisha nikaagiza. Sendofu ya Devota, sherehe ya kumuaga, itafanyika Tembo Kijani, wageni wote ndani ya behewa, wakibanana ni upendo. Na nina mshangao mpya, mkubwa kuliko keki. Baada ya chakula taa zitapunguzwa, na muziki utafunguliwa na watu wawili tu, katikati, wameshikana mikono, uso kwa uso. Devota na baba mkwe wake.

Joyness aliniomba nirudie mara mbili, nikadhani mtandao unasumbua. Nikamwambia jambo moja tu azingatie. Siku hiyo kile kichwa cha tembo kifungiwe stoo, kisije kikatuharibia ratiba.