Hadubini ya Shule na Kinyesi cha Ng'ombe Wangu

Minjila, Jumatatu

Mwalimu Jasper wa Biolojia,

Kwako wewe mlezi wa wanetu, salamu na heshima.

Mimi ni Abdikarim, babake Darmi wa kidato cha pili. Naandika kwa uchungu, ila kwa adabu zote, kuhusu hadubini ya shule. Jirani yetu wa Kulesa, Bwana Barnabas, anadai ng'ombe wangu mwekundu aliingia shambani mwake akala kunde. Kikao ni Alhamisi kwa chifu. Nikishindwa, natoa fidia ya mtamba, na mtamba ninaye mmoja tu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlianza na kitunguu. Darmi alibandua utando wake, akautia ayodini, akaona seli zimepangana kama matofali. Nilifurahi. Mchuzi ulipikwa bila kitunguu, nikaula hivyohivyo.

2. Kisha ukawafundisha kwamba seli ya mmea ina ukuta mgumu, hata tumbo la ng'ombe haliumalizi wote. Mwalimu, hayo ni maneno ya kuwaambia watoto wa wafugaji? Tangu nizaliwe, kilichoingia tumboni mwa ng'ombe kilikuwa siri yake na Mola wake.

3. Sasa Darmi amechuma jani la kunde kwa Barnabas, akachota na kinyesi zizini kwangu kwa mkebe wa siagi, bila kuniomba ruhusa. Anasema seli za nyasi hukaa kwa mistari na za kunde hupindapinda, kwa hivyo ataona tu. Ataona tu! Mtoto niliyemlea kwa maziwa ya ng'ombe huyohuyo!

4. Leo ni ng'ombe. Kesho atachokonoa meno yangu ajue kama niliionja nyama ya harusi ya mpwa wangu Arafa kabla ya wageni. Kesho kutwa hakuna mzee Garsen nzima atakayethubutu kwenda msalani.

Naomba basi hadubini ifungiwe kabatini hadi kikao kipite. Ikishindikana, itazame vitunguu pekee, ambavyo havina kesi na mtu. Sisemi ng'ombe wangu alikula. Nasema asichunguzwe.

Nisalimie walimu wote, mpishi, na yule bawabu aliyenizuia langoni.

Ni mimi, mzazi mpenda elimu ya kiasi,
Abdikarim

N.B. Kabla sijaituma barua hii hofu ilinizidi, nikampelekea Barnabas mtamba na kukiri kosa. Kurudi nyumbani, Darmi ananiambia kinyesi cha ng'ombe wangu ni nyasi tupu. Kunde ameziona, tele, kwenye kinyesi cha mbuzi wa Barnabas mwenyewe, alichokiokota alipokwenda kuchuma jani. Mwalimu, hadubini ije kwa chifu, bodaboda nitalipa mimi, na Darmi akae mbele. Ije upesi, maana Barnabas ameshanisamehe.