Msalaba wa Mbao Zangu

Jumatano ya Majivu, 6 Machi

Nimepoteza msalaba. Nimeupoteza leo baada ya misa ya asubuhi, majivu yakiwa bado mabichi kwenye paji la uso. Miaka sita nimeubeba kila Ijumaa Kuu kutoka Kinoru hadi kanisani, na sasa Katekista Salesio amempa Mithika. Mithika! Muuza miraa! Eti ameacha kutafuna, eti amemkaribia Mungu.

Msalaba wenyewe ni wa mti wa mukima, futi nane kwa nne, kutoka yadi yangu ya mbao. Misumari pia yangu. Na hiyo yadi niliianza na msumeno wa kuazima, bila mjomba wala mkopo.

Nimemuuliza Salesio nimekosa nini. Akasema sijakosa kitu, Kwaresima ndiyo inaanza, nami nimkaribie Mungu halafu tutaona. Tutaona! Basi nafasi ipo. Kama ni kukaribia, nitamkaribia Mungu hadi Mithika akose pa kupita.

Ijumaa, 8 Machi

Mpango: kufunga. Si zile siku mbili za lazima tu. Kila siku, alfajiri hadi jioni. Nimetangaza mbele ya jumuiya yote. Mwenyekiti wetu, Mama Felicitas, akanikumbusha kwamba Injili ya juzi ilikataza kutangaza. Nikamwuliza, nisipotangaza, Salesio atajuaje?

Saa nne, njaa. Saa sita nikakata mbao za mteja futi saba badala ya tisa. Mbao ishirini! Mke wangu Kaari akapita na sufuria ya githeri, akaangalia vipande, akasema, Baba Kiende, Mungu hajakuomba uharibu mbao.

Jumatatu, 11 Machi

Nimefikiri kama mfanyabiashara. Miraa inaua njaa, hilo hata mtoto wa Meru anajua. Je, miraa ni chakula? Hapana! Sijawahi kuona mtu akifanya ishara ya msalaba kabla ya kutafuna. Kisichoombewa si chakula. Hesabu imefungwa.

Nimenunua furushi la kangeta stendi, miraa kali, nikalificha chini ya maranda. Hadi jioni sijala na sijahisi njaa. Utakatifu ni rahisi ukijipanga.

Jumatano, 13 Machi

Ushindi! Jana jioni tulisali kwa Mama Felicitas. Maneno yalinitoka kama unga kwenye mashine ya kusaga. Niliombea kaunti zote arobaini na saba, moja moja, nikianzia Mombasa. Mzee mmoja alisinzia Nyandarua akaamka Busia. Chai iliota utando.

Salesio akaniita pembeni. Anaona moto ndani yangu. Ijumaa niongoze Njia ya Msalaba, na la Ijumaa Kuu huenda tukaliongea upya. Mithika alinitazama sana, akauliza kama siku hizi nalala. Nikamjibu kwamba watakatifu hawalali. Na ni kweli, tangu Jumatatu sijalala.

Ijumaa, 15 Machi

Balaa.

Vituo kumi na vinne, dakika kumi na tisa. Sikujua nakimbia! Watu walipiga magoti na kuinuka, wakapiga magoti na kuinuka, hadi wengine wakashika mabenchi. Bibi Ciakuthii, mkongwe wetu, alikuwa bado amepiga magoti kituo cha tatu wakati mimi ninamzika Yesu.

Mwisho Mithika akanisogelea, akaninong'oneza. Mzee wa mbao, hiyo ni kangeta. Anaijua, ndiyo anayopakia mjini Maua kila siku. Nipanguse meno. Hatamwambia mtu. Akasema hata yeye kila saa nane mchana inamwita, na hapo humwambia Mungu waziwazi kwamba leo inamshinda, amshike. Nami nimwambie Mungu nina njaa. Hatashtuka.

Mtu mwingine angenyamaza. Mimi nikapaza sauti: anionyeshe sala ya kabla ya miraa! Anionyeshe ni wapi imeitwa chakula! Kanisa zima likageuka. Kaari akajifunika uso kwa leso.

Salesio ameamua. Ijumaa Kuu msalaba ni wa Mithika. Mimi nitabeba kiti cha Bibi Ciakuthii. Bibi amefurahi sana. Amesema tu, mwanangu, safari hii tutembee.

Jumamosi, 16 Machi

Nimekunywa uji vikombe vitatu. Nimelala. Akili imerudi.

Mithika amesema jambo moja la maana: Mungu aambiwe waziwazi. Mchana huu nimesimama katikati ya yadi, nikazima msumeno, nikamwambia.

Mungu wangu, tuongee kama watu wazima. Mbao nilitoa mimi. Misumari nilitoa mimi. Nimefunga siku nane. Zile tano za kangeta nihesabie nusu, sina ubishi. Jumla tano na nusu. Mithika hajafunga hata moja, ameacha tu kutafuna, na hata mbuzi huacha akishiba.

Nimeanza kuranda msalaba mwingine. Mwerezi, futi kumi kwa tano. Ule wa Mithika ni futi nane, unaujua.

Sitaki ndoto. Sitaki ishara ya mawingu. Nauliza swali moja: Ijumaa Kuu utatangulia msalaba upi, huu au ule? Nijibu moja kwa moja. Mwisho ni kesho saa tatu kamili asubuhi, kabla misa ya pili haijaanza.