Mwokoaji Mmoja, Sufuria Mbili

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Balaa! Nimempeleka binti yangu kwenye bwawa la manispaa, nikakuta karatasi mlangoni. Waokoaji wawili wamehamia hotelini, kabaki mmoja. Msimamizi kasema huyu naye akiondoka, darasa la watoto linafungwa. Mtoto haingii majini bila mtu wa kumtoa.

Wafunge? Binti ana miaka sita. Miezi miwili kaganda ukingoni kama kupe. Leo kaachia mkono mmoja! Bado mmoja tu.

Nimemchunguza mwokoaji aliyebaki. Tunamwita Firimbi. Kijana mwembamba, mpole. Kasema hotelini wanampa chakula cha mchana bure. Kumbe ni tumbo tu! Hilo niachieni mimi.

Jumanne, tarehe 4

Alfajiri niko jikoni, kichanga mgongoni, meno yanamwota, analia sikioni. Wali na kuku. Mume wangu kanusa, kauliza chake kiko wapi. Nikamwambia ale mkate, yeye haokoi mtu. Kanuna mpaka mlangoni.

Firimbi kalamba vidole, kasema hoteli itasubiri. Akili ninayo!

Jumatano, tarehe 5

Mama Pacha kaniiga! Yule mwenye mapacha wanaowamwagia wenzao maji machoni. Kaja na hotipoti tatu, zimepangwa kama ghorofa. Eti, "Shoga, mwanamume hali wali mkavu."

Mkavu! Nimemshukuru kwa upole. Moyoni nimesema mengine, hayaandikiki. Kesho nyama.

Alhamisi, tarehe 6

Mimi nyama. Yeye samaki. Mimi viazi. Yeye keki, tena ya krimu! Firimbi kasema, "Mama zangu, nimeshiba." Tukamwambia kwa sauti moja ale. Ndilo jambo la kwanza tumekubaliana tangu tujuane.

Fulana imeanza kumbana. Binti kauliza mbona nyumbani siku hizi ni uji asubuhi, uji jioni. Nikamwambia aache maneno, apige miguu.

Ijumaa, tarehe 7

Siku mbaya. Firimbi kapanda kwenye kiti chake kirefu baada ya sahani ya nne. Kalala. Kalala na firimbi mdomoni! Kila akipumua, piii. Watoto wanatoka majini. Kimya. Wanarudi. Piii. Wanatoka. Watoto wana adabu jamani, mara sita walitoka.

Mara ya saba msimamizi alikuwa mlangoni.

Hakuna aliyezama, nashukuru. Firimbi kasimamishwa kazi. Darasa limefungwa mpaka apatikane mwingine, na hakuna anayejua lini. Binti kalia njia nzima, kashika pindo la gauni langu kwa mikono yote miwili. Kwangu hapo ndipo palipouma.

Nimewaza sana kosa liko wapi. Nimeliona. Ile keki ya Mama Pacha.

Jumatano, tarehe 12

Nimemwomba shemeji yangu aombe ile kazi. Kajaza fomu vizuri sana. Kwenye majaribio kaingia kina cha watoto, kapiga kelele. Binti yangu ndiye aliyemnyooshea mkono.

Jumamosi, tarehe 15

Wamepata mwokoaji! Dada mmoja mrefu, mifupa mitupu, sauti kama kengele. Darasa limefunguliwa.

Na binti kaachia! Mikono yote! Kaogelea kutoka ukingo huu hadi ule, peke yake, kichwa juu kama bata. Watu wamepiga makofi.

Mimi sikuona. Nilikuwa nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo, nampashia moto yule dada supu. Mama Pacha ndiye aliyekuja kunieleza, tena kwa raha zake.

Binti kaniuliza, "Mama, umeniona?" Nimemkumbatia na maji yake yote. Nimemwambia ukweli, sikuona, na nimemwapia: Jumamosi ijayo nakaa mstari wa mbele, sipepesi jicho.

Supu nitaipeleka mapema. Yule dada kasema amezoea sahani moja tu kwa siku. Maskini, hajui anachokosa.